Kuunga ni rahisi, kukata je? Ulinganisho wa viungio vya treni za mfano

Nilinunua boksi la mabehewa ya mtumba, 19 kwa bei ya sita mapya, nikajiona mjanja. Nilipoyapanga juu ya reli ili kichwa kiyavute, saba yalikuwa na kulabu pana za plastiki, matano yalikuwa na kulabu nyembamba za ukoo huohuo, manne yalikuwa na vichwa vya chuma vya umbo la ngumi, mawili yalining'iniza pingili tatu za mnyororo kila upande, na moja lilibaki na tundu tupu lenye ukoko wa gundi. Yale 12 ya kulabu yaliungana bila shida. Kasheshe ilikuja kwenye kuyakata. Nilitaka manne yabaki kwenye njia ya pembeni na mengine yaendelee, nikaingiza kidole, behewa la tano likainuka, la nne likalala ubavu, na nguzo ya taa niliyoibandika jana yake ikaenda nalo.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza achukue kiungio gani, namuuliza kwanza: kwa jioni moja utakata mabehewa mara ngapi, na mkono wako utakuwa wapi wakati huo? Maana kuunga karibu kila kiungio kinaweza. Unasukuma, vinashikana, basi. Kwenye kukata ndiko vinakotengana, na huko ndiko pesa na hasira za watu zinakoishia.

Ninayoyasema hapa yanahusu zaidi treni zinazotembea juu ya reli ya upana wa 16.5 mm. Hizo ni OO ya Waingereza, iliyopunguzwa kwa 1:76, na HO ya Ulaya bara na Marekani, ya 1:87. Ukubwa wa behewa unatofautiana, reli ni ileile. N, ndogo ya 9 mm, nitaigusa nikipita.

Kulabu na fito

Ukifungua seti ya OO iliyonunuliwa Uingereza, hiki ndicho utakachokikuta. Wenyewe wanakiita tenshenloki, yaani kufuli la mvuto. Kililetwa na kampuni ya Tri-ang mwishoni mwa miaka ya 1950, washindani wakakifuata mmoja mmoja mpaka kikawa cha wote. Mbele kuna fito iliyopinda, na juu yake kulabu inayoruka na kudaka fito ya mwenzake. Treni ikianza kuvutwa, kulabu inazidi kujibana, na humo ndimo jina lilimotoka.

Kwa kushika, sina neno nacho. Treni ndefu inapanda mlima na hakuna kinachoachia. Kinapita hata kwenye kona kali kuliko zote za seti za Hornby, kampuni ya Uingereza, ile ya nusu kipenyo 371 mm, ambako viungio vya kistaarabu zaidi vinaanza kugombana. Ni cha bei ndogo, kinakuja tayari kimefungwa, na mtoto wa miaka sita anakiunga bila kuelekezwa.

Kukata sasa. Kwa kuwa kulabu hujibana ikivutwa, lazima uilegeze kwanza. Kuna kibamba cha plastiki chenye springi kinachopachikwa katikati ya reli. Treni ikikipitia inavutwa, kulabu zimebana, kibamba kinabonyea na hakuna kinachotokea. Ukisimamisha maungio juu yake halafu ukarudi nyuma kidogo, mikia ya kulabu inasukumwa juu, unavuta kichwa mbele, imekatika. Hiyo ni karatasi. Juu ya ubao, mikia ya kulabu za watengenezaji tofauti hailingani urefu, na behewa jepesi la plastiki hunyanyuliwa lote na kibamba badala ya kunyanyuliwa kulabu peke yake. Tena utakata pale tu ulipokiweka kibamba, na ni kitu kinachoonekana wazi katikati ya mandhari uliyoihangaikia.

Kuna ujanja mmoja unaokifanya kiungio hiki kiwe kingine kabisa. Ng'oa kulabu ya upande mmoja wa kila behewa, ubaki na fito tu. Kila maungio yatakuwa na kulabu moja badala ya mbili zinazokabana. Kisha kata kadi ya benki iliyokwisha muda wake, ipinde ncha, uiingize chini ya maungio na kuinua. Inakatika mara moja, bila behewa kupanda juu. Sharti lake ni kwamba mabehewa yote lazima yaelekee upande mmoja daima. Ukiwa na reli ya duara inayojikunja na kurudi kinyume, au ukiwa na mgeni anayependa kuyageuza, umepoteza.

Sura yake si nzuri, tuseme ukweli. Pengo kati ya behewa na behewa linaweza kupitisha kidole, na bafa, zile sahani za nchani za kusukumania, zinatazamana kwa mbali kama watu waliokosana.

Ngumi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipomalizia mwenyewe.

Kiungio chenyewe cha ukubwa kamili kilisajiliwa na Mmarekani Eli Janney mwaka 1873. Kabla yake reli za Marekani ziliunga kwa pete na pini, mtu anasimama kati ya mabehewa mawili yanayosogeleana akiongoza pete kwa mkono, na vidole vilivyopotea havihesabiki. Sheria ya mwaka 1893 ndiyo iliyolazimisha viungio vya kujifunga vyenyewe. Kiitazame kama mikono miwili iliyokunja vidole ikadakana. Mabehewa ya TAZARA na ya SGR ya Kenya yanashikana kwa ukoo huu. Nilikulia Tabora, na ninachokikumbuka zaidi ni mlio wa usiku kutoka yadi, kishindo kimoja cha kichwa kikigusa behewa la kwanza, halafu mfululizo wa vishindo vidogo ukikimbia kuelekea mwisho wa treni kadiri kila maungio yanavyobanwa.

Kwa treni za mfano, jina linalotajwa ni Kadee. Walioianzisha ni mapacha wa Oregon, Keith na Dale Edwards, na jina limetokana na herufi za kwanza za majina yao. Kiungio chao cha HO kinachojulikana kuliko vyote ni namba 5. Ngumi yake ni ya chuma, ina springi ndogo inayoirudisha ifunge, na chini yake unaning'inia waya mwembamba uliopinda, unaofanana na bomba la breki la treni halisi. Waya huo ndio siri yote. Ukiufikisha juu ya sumaku iliyolazwa kati ya reli, na treni imelegea, nyaya mbili zinavutwa moja kushoto moja kulia, ngumi zinafunguka.

Halafu kuna jambo la pili, na ndilo lililonifanya nikae nalo mpaka saa nane ya usiku siku ya kwanza. Baada ya ngumi kufunguka juu ya sumaku, unasogeza kichwa mbele kidogo, kisha unarudi. Safari hii ngumi hazidakani tena. Zinakaa zimepishana, bega kwa bega, zinasukumana tu. Kwa hiyo unaweza kulisukuma behewa mpaka mwisho wa njia ya pembeni, umbali wowote, ukasimama, ukaondoka, na behewa likabaki. Sumaku moja inahudumia njia tatu. Mkono wako haujagusa kitu. Tenshenloki ya kawaida haikupi hiyo, na kwa mtu anayependa shantingi, yaani kuyapanga na kuyapangua mabehewa, kuliko kuzungusha treni, hoja inaishia hapo.

Lakini kina masharti, na masharti yake ni ya nusu milimita. Kwanza urefu. Ngumi mbili zisipolingana kimo, zitashika kwenye tambarare na kuachia kwenye mwanzo wa mlima, ambako behewa moja limeinamia na jingine bado. Kadee wanauza kipimo cha chuma, namba 205, unachokiweka juu ya reli na kulilinganisha behewa nacho. Usinunue kiungio hata kimoja kabla ya kipimo hicho. Waya wa chini nao lazima uachie nafasi juu ya reli, isipungue robo tatu ya milimita hivi, la sivyo utanasa kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, na kuiangusha treni.

Pili, mabehewa ya Kiingereza. Mengi ya kisasa yana mfuko mdogo wa mraba chini ya sakafu, wa kiwango cha Ulaya kiitwacho NEM 362, ambamo kiungio kinaingizwa na kutolewa bila skrubu. Kadee wana vichwa vinavyoingia humo, namba 17, 18, 19 na 20, kutoka kifupi mpaka kirefu. Ingekuwa raha, kama kila mtengenezaji angeuweka mfuko kwenye kimo ambacho kiwango kinasema. Nimekutana na mifuko iliyo juu mno, iliyo chini mno, na mmoja uliolegea kiasi kwamba kiungio kiliinama kama ua lisilomwagiliwa. Mabehewa ya zamani hayana mfuko kabisa. Hayo unachonga sehemu, unabandika kisanduku, unapima, unabandua, unabandika tena.

Tatu, sumaku haichagui. Ukiilaza kwenye reli kuu, treni inayopita polepole ikalegea juu yake itakatika bila kuombwa. Ndiyo maana sumaku za kudumu huwekwa kwenye njia za pembeni tu, na kwenye reli kuu mtu huweka ya umeme, inayoamka pale unapobonyeza kitufe. Tena mabehewa yenye ekseli za chuma cha kawaida huvutwa na sumaku hiyohiyo. Unaliacha behewa, linajisogeza lenyewe taratibu na kusimama juu ya sumaku kama mbwa aliyeitwa. Dawa ni kubadilisha magurudumu, au kuliongezea uzito, au kulitilia ukinzani kidogo kwenye ekseli.

Na springi. Springi ya ngumi ya namba 5 ni ndogo kuliko punje ya ulezi ikikunjwa, na ikiruka kutoka kwenye kibano hutaiona tena duniani. Fanyia kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mikono yote miwili ndani. Mafuta usitie kamwe, yanakamata vumbi na kugandisha ngumi. Unga wa grafaiti ndio wake. Ukikosa, kwaruza risasi ya penseli laini.

Bei inajihesabu yenyewe. Pakiti ya kawaida ina vinne, yaani mabehewa mawili. Mabehewa 20 ni pakiti kumi. Hataza ya Kadee ilipokwisha miaka ya 1990, kampuni nyingine zilitoa ngumi za plastiki zinazodakana nazo, za bei nafuu. Kwa treni fupi zinatosha. Kwa treni ndefu, plastiki hunyumbulika na ngumi kujifungua yenyewe, na zile ambazo springi yake ni ulimi wa plastiki badala ya waya huchoka baada ya muda.

Kuna watakaosema ngumi kwenye behewa la makaa la Uingereza la miaka ya 1930 ni kichekesho, kwani lilikuwa na mnyororo. Ni kweli. Ila mabehewa ya abiria ya Mark 1 ya British Railways yalikuwa na kiungio cha ngumi, kwa hiyo siyo kila treni ya Kiingereza inasutwa.

Pingili tatu

Huu ndio mnyororo wenyewe, mdogo, wa chuma, pingili tatu zinazoning'inia kwenye kulabu na kuning'inizwa kwenye kulabu ya mwenzake. Hakuna kinachopendeza zaidi. Ukiipiga picha treni yenye pingili tatu kutoka pembeni, bafa karibu zigusane, mtu anaweza kudhani ni ya kweli. Na bei yake haifiki nusu ya ngumi.

Kuunga ni kwa mkono, kukata ni kwa mkono, kila mara. Unashika kijiti chenye waya uliopinda nchani, watu wengi hufunga na tochi ndogo, unainama, unavizia pingili, unaikosa, unaivizia tena. Kwenye OO pingili ina ukubwa wa punje ya mchele. Miaka 25 macho yanaweza. Miaka 50 unaweza kwa nusu saa. Kwenye O, kipimo kikubwa zaidi, ambacho Uingereza ni 1:43.5, pingili ni kubwa, mkono unaizoea, na wengi wa O hawataki kusikia kingine.

Kona ni adui yake. Kwa kuwa bafa ndizo zinazosukumana, kwenye kona kali ya seti zinapishana na kunasana, treni inatoka relini ukiirudisha nyuma. Kama ubao wako una kona za 371 au 438 mm, usijisumbue. Ukiwa na ubao mrefu mwembamba usio na kona, ni suala la macho na subira.

Kitanzi cha Ulaya bara

Ukinunua Märklin, Roco au Piko ya HO, utakuta kitanzi kinachoangukia juu ya kulabu. Kinaungana kwa kusukumwa na kukatwa kwa bamba linaloinuka kati ya reli. Kina udhaifu uleule wa bamba la Kiingereza, ila reli za kukatia za Wajerumani zina injini ya umeme inayoinua bamba ukibonyeza kitufe, na zinafanya kazi vizuri zaidi ya nilivyotarajia.

Uzuri wa kweli wa Ulaya bara haumo kwenye kitanzi. Umo kwenye shina linaloshikilia mfuko. Kwenye reli iliyonyooka shina linayavuta mabehewa karibu mpaka bafa zigusane. Kwenye kona linajirefusha lenyewe na kuyaachanisha kidogo, kisha linarudi. Ukitoa kitanzi na kuingiza kichwa kifupi cha kushikana moja kwa moja, treni ya abiria inakuwa mwili mmoja. Kwa mtu anayezungusha treni ndefu za abiria sebuleni, sijaona kinachoushinda mpangilio huu.

Märklin pia wana vichwa vya treni vyenye kiungio cha umeme kiitwacho Telex, kinachokata popote ulipo ukibonyeza. Mifumo ya kidijitali ya leo inakwenda mbali zaidi. Kichwa kinarudi nyuma hatua moja, kinainua kulabu, kinaondoka, vyote kwa amri moja. Kinavutia, na watu hukinunua kwa macho bila kuuliza swali la msingi. Kinakata kati ya kichwa na behewa la kwanza tu. Ukitaka kuliacha behewa la tatu na kulichukua la nne, umerudi kwenye bamba au kwenye kidole.

N nayo iliwahi kuwa na kabila moja. Kampuni ya Arnold ya Nuremberg ilitoa kiungio cha Rapido, cha umbo la kisanduku kinachoruka juu ya mwenzake, na ulimwengu mzima wa N ukakikubali. Hukatwa kwa kuinuliwa wima. Ni kikubwa mno kwa behewa dogo hivyo, lakini usikiguse mpaka uwe na sababu. Sababu ikipatikana, Micro-Trains wanatengeneza ngumi za N zinazocheza mchezo uleule wa sumaku.

Sumaku

Siku hizi kuna viungio ambavyo ni sumaku tupu, vidogo, vinavyoingia kwenye mfuko wa NEM. Unayasogeza mabehewa, yanadakana kwa mlio mdogo. Ni wazo la treni za mbao za watoto, ila pale wengi mmekutana na kero yake: ukiligeuza behewa, sumaku zinasukumana badala ya kuvutana. Vile vya kisasa vizuri vina sumaku mbili kila kichwa, kaskazini upande mmoja na kusini upande wa pili, kwa hiyo hata ukiligeuza behewa vinapokutana uso kwa uso kila moja inakuta mwenzi wake.

Kwa kuunga havina mfano. Treni nzima unaiweka juu ya reli dakika moja, na unaichukua behewa moja moja kwa kulivuta pembeni, bila kuinua. Vinavuta mabehewa karibu, pengo linapungua. Kwa kukata bila mkono, sahau. Sumaku haijui kwamba sasa unataka iachie. Wala usiviweke karibu na sumaku za Kadee ukitarajia amani.

Na neno kwa wenye watoto. Sumaku hizi za neodimu ni ndogo na zina nguvu. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kushikana zikiwa zimebana ukuta wa utumbo kati yake, na hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu ibaki na kulabu za plastiki.

Vya waya, kwa ufupi

Wapo wanaotengeneza vyao wenyewe. Alex Jackson, kilichotokea kwa wanachama wa chama cha treni za mfano cha Manchester, ni uzi wa chuma wa unene wa robo milimita na ushei, uliopindwa ukawa kulabu, hauonekani ukiwa mita moja. Sprat & Winkle ni kulabu na fito ya waya inayopita kati ya bafa. Vyote viwili vinakatwa kwa sumaku na vinaweza kusukuma behewa lililokatwa mpaka ulipotaka, kama Kadee, kwa gharama ya chini sana. Unalipa kwa saa. Kila kimoja kinapindwa kwa mkono na kupimwa, na mgeni akiinua behewa vibaya umeanza upya. Kama unaishi Tanga au Mombasa, fikiri mara mbili kuhusu uzi wa chuma usio na kinga dhidi ya hewa ya chumvi.

Basi achukue nani, kipi

Mwenye duara la reli mezani, treni moja au mbili, na watoto wanaoshika kila kitu: baki na ulichokikuta kwenye boksi. Usibadilishe chochote. Pesa ya viungio nunua reli.

Mwenye treni za abiria zinazozunguka na kusimama stesheni, zisizokatwa kwa miezi: sumaku kati ya behewa na behewa, au vichwa vifupi kama mabehewa yana shina la kujirefusha. Ncha mbili za treni, yaani behewa la kwanza na la mwisho, zipe kiungio kile ambacho vichwa vyako vinacho. Watu wengi wanasahau kwamba treni isiyokatwa katikati haihitaji kiungio katikati. Inahitaji kitu cha kuishikilia tu, hata kipande cha waya.

Mwenye kucheza shantingi. Huyu ndiye mimi, na hapa sitakuwa mpole. Alan Wright, Mwingereza, alibuni ubao mdogo uitwao Inglenook, ambao umenakiliwa kila mahali. Njia moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, na mkia wa reli unatosha kichwa na mabehewa matatu. Una mabehewa manane. Unachomoa majina kwenye kikombe, na kazi ni kuunda treni ya matano kwa mpangilio uliochomoka. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Mchezo mmoja kwangu unafika kukata mara 15, wakati mwingine zaidi. Ukikata kwa kidole, mara 15 ni mara 15 za kuangusha kitu. Ukikata kwa kadi ya benki na kulabu moja moja, ni mchezo mzuri na wa bei poa, na mabehewa manane hayageuki kamwe kwenye ubao huo, kwa hiyo sharti la mwelekeo halikuumizi. Anza hapo. Ukiona baada ya miezi mitatu bado unaucheza, nunua pakiti nne za ngumi na moja ya kichwa, sumaku mbili, na kile kipimo. Mabehewa manane si mzigo. Mabehewa 60 ndiyo mzigo, na ndiyo maana uamuzi huu unafanywa mapema, kabla mkusanyiko haujakua.

Mwenye kuota TAZARA. Nawajua wawili, na mmoja ananisoma hapa. Reli halisi ni 1,067 mm. Ukichukua reli ya 16.5 mm na kujenga kwa 1:64, kipimo cha S, unapata 1,056, na jicho halitaligundua hilo. Hakuna kitu dukani, kila behewa utalijenga wewe, kwa hiyo huna mfuko wa NEM wala mazoea ya mtu mwingine ya kukufunga. Kadee wanatengeneza ngumi za S. Weka hizo tangu behewa la kwanza, maana ndizo zinazofanana na za kweli.

Mwenye macho mazuri, ubao ulionyooka, na kamera: pingili tatu. Usimsikilize mtu.

Kuhamia polepole

Kama tayari una mabehewa mengi, usibadilishe yote kwa siku moja, na usibadilishe nusunusu bila mpango. Tengeneza mabehewa mawili ya kati, kulabu upande mmoja na ngumi upande wa pili. Hayo yatasimama kati ya kundi la zamani na kundi jipya mpaka umalize. Vichwa vya treni vibadilishwe mwisho, kwa sababu kichwa kimoja kilichohama kinayafanya mabehewa yote ya zamani kuwa yatima.

Lile boksi la 19 sasa limegawanyika. Manane yana ngumi, ndiyo ya Inglenook, juu ya kabati la vitabu, ubao wa mita 1.8. Manane mengine ni treni ya makaa isiyokatwa, imeshikiliwa na sumaku ndani na ngumi nchani. Mawili yenye pingili yamebaki na pingili zake, yameegeshwa nyuma ya karakana kama pambo, na hayajawahi kusogea. Lile la tundu na gundi nililichonga, nikalibandikia kisanduku upande mmoja, nikakosea kimo kwa nusu milimita upande wa pili, nikachoka. Nimelifanya kuwa la mkia wa treni ya makaa, upande mbovu ukitazama nyuma, ambako hakuna cha kuungwa.